Frank Bowden na Baiskeli ya Raleigh: Kutoka Nottingham hadi Miinuko ya Nyeri

Utangulizi

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina, Nyeri na Othaya hadi Nanyuki, Meru, Embu na Kerugoya, kuna jina moja la kigeni ambalo wazee wengi hulitamka bila kusita kana kwamba ni la jirani. Jina hilo ni Raleigh. Kwa muda mrefu, mtu aliyemiliki baiskeli ya aina hiyo alihesabiwa miongoni mwa watu waliojiweza. Mwalimu aliiendesha kwenda shuleni, katekista akaipanda kuwafikia waumini wa vigango vya mbali, karani akaifunga kwa kufuli mbele ya ofisi, na mkulima akaisukuma mlimani ikiwa imebeba mtungi wa maziwa. Hata hivyo, ni wachache waliowahi kujiuliza ni nani aliyekuwa nyuma ya jina hilo, na wengine wamedhani kuwa Raleigh ndiye aliyeiunda baiskeli yenyewe.

Makala haya yanaangazia maisha ya Frank Bowden, Mwingereza aliyeifanya karakana ya watu wachache kuwa kiwanda kikubwa kabisa cha baiskeli duniani, kisha akairithisha kampuni hiyo kwa mwanawe. Ni maisha yenye mambo ya kusisimua: maradhi yaliyokaribia kumwangamiza, utajiri uliopatikana ughaibuni, tamaa ya soko la hisa iliyokaribia kuibomoa kazi ya miaka mingi, na hatimaye juhudi za kuirejesha kampuni mikononi mwa familia. Sehemu ya mwisho inatazama jinsi kazi ya mtu huyu ilivyogusa maisha ya wakazi wa Nyeri na miji ya jirani, ingawa yeye mwenyewe aliaga dunia kabla ya reli kuufikia mji wa Nanyuki.

Kuzaliwa, ujana na safari za mbali

Frank Bowden alizaliwa tarehe 30 Januari mwaka 1848 katika jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Enzi hizo milki ya Waingereza ilikuwa ikitanuka, na vijana wengi walivuka bahari kutafuta riziki. Bowden naye hakubaki nyuma. Angali kijana, alielekea Hong Kong, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekitwaa baada ya vita vyao na Wachina katika miaka ya 1840. Huko alijitosa katika biashara, hususan ya hisa, akajikusanyia mali nyingi kabla ya kutimiza umri wa miaka 40.

Katika kipindi hicho hicho alifika pia San Francisco, Marekani, ambako alifunga ndoa na Amelia Houston mwaka 1879. Mwaka uliofuata walijaliwa mtoto wa kiume, Harold, ambaye alizaliwa katika mji huo huo. Mtoto huyu ndiye atakayekuja kushika usukani wa kampuni ya baba yake miaka 41 baadaye.

Waswahili husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Bowden aligaagaa na upwa wa bahari mbili, na wali wake haukuwa mkavu. Lakini mali hiyo ilimgharimu afya. Aliporejea Uingereza alikuwa mgonjwa na mdhoofu, na fedha alizozichuma hazikuweza kumnunulia nafuu.

Maradhi yaliyozaa kampuni

Inasimuliwa kuwa daktari mmoja katika mji wa Harrogate ndiye aliyemshauri Bowden kuendesha baiskeli ili aurejeshe uzima wake. Ushauri huo ulikuwa mgeni kwa wakati ule. Baiskeli zilizokuwa zimezoeleka hapo awali zilikuwa na gurudumu moja kubwa mno mbele na jingine dogo nyuma, na aliyeanguka kutoka juu yake aliweza kuvunjika shingo. Ni mwaka 1885 tu ambapo John Kemp Starley wa Coventry alikuwa ametoa baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma. Huu ndio mfumo ambao baiskeli nyingi zimeufuata hadi leo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop alipata haki ya ubunifu wa mpira wa kujazwa upepo mjini Belfast. Kwa hivyo Bowden aliugua wakati mwafaka, ikiwa inawezekana kusema hivyo juu ya ugonjwa: dawa aliyoandikiwa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwa salama.

Bowden aliifuata dawa hiyo kwa bidii, na afya yake ikarudi. Miongoni mwa baiskeli alizozitumia, kulikuwa na moja iliyotengenezwa katika karakana ndogo iliyokuwa katika barabara iitwayo Raleigh Street mjini Nottingham. Barabara hiyo ilipewa jina la Walter Raleigh, baharia na mwandishi wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Hivyo basi, jina lililokuja kuzoeleka Nyeri halikuwa la mwanzilishi wala la fundi, bali lilitokana na kibao cha barabara tu.

Karakana hiyo ilimilikiwa na watu watatu: Richard Woodhead aliyekuwa fundi wa mitambo, Paul Angois aliyekuwa Mfaransa, na William Ellis ambaye alitoa mtaji. Nottingham ulikuwa mji wa viwanda vya lesi, na ufundi wa kutengeneza mashine za kufumia lesi ulikuwa umewazoesha wenyeji wake kazi ya chuma iliyohitaji vipimo vya uangalifu mkubwa. Ufundi huo ndio uliohamia kwenye baiskeli. Hata hivyo, uzalishaji ulikuwa mdogo mno. Inaelezwa kuwa karakana ilikuwa na wafanyakazi wapatao sita na ilitoa baiskeli tatu kwa wiki.

Bowden aliitembelea karakana hiyo mwaka 1888. Mtu mwingine angaliweza kuwashukuru mafundi kwa kazi nzuri na kwenda zake. Yeye alizunguka akiyatazama mambo kwa jicho la mfanyabiashara, akaona kwamba kilichowapungukia mafundi hao kilikuwa mtaji na mpangilio, bali si ujuzi. Aliununua mgao wa Ellis, na mwezi Desemba mwaka huo huo kampuni ya Raleigh ikaundwa. Bowden akawa mwenyekiti na mkurugenzi mkuu, Woodhead akasimamia kiwanda, na Angois akashughulikia usanifu wa baiskeli.

Kukua kwa kiwanda

Upanuzi ulianza mara moja. Kampuni ilihamia katika jengo lenye ghorofa kadhaa katika barabara ya Russell Street, ambalo hapo awali lilikuwa kiwanda cha lesi. Jengo hilo nalo halikuchukua muda kujaa.

Bowden alielewa jambo ambalo wenye viwanda wengi wa wakati wake walichelewa kulielewa, yaani kwamba watu hununua sifa ya kitu sambamba na kitu chenyewe. Alimtafuta mwendeshaji hodari wa Kimarekani, Arthur Zimmerman, ambaye alishindana kwa baiskeli ya Raleigh na kushinda mbio nyingi. Mwaka 1893 Zimmerman alitwaa ubingwa wa dunia mjini Chicago katika mashindano ya kwanza ya aina hiyo. Ushindi huo ukageuzwa kuwa matangazo, na jina la Raleigh likaenea pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki.

Kufikia mwaka 1896 kampuni ilikuwa imehamia kiwanja kipya cha zaidi ya ekari 7 katika eneo la Lenton, pembezoni mwa Nottingham. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 850 na kilikuwa na uwezo wa kutoa takriban baiskeli 30,000 kwa mwaka. Hakukuwa na kiwanda cha baiskeli kikubwa kuliko hicho duniani. Kwa muda wa miaka minane tu, baiskeli tatu za kila wiki zilikuwa zimegeuka kuwa mamia.

Baiskeli zenyewe zilibandikwa mbele nembo yenye picha ya korongo, ndege aliyekuwa katika alama ya ukoo wa Bowden. Kibandiko hicho kidogo cha bati kilitangaza wazi kwamba, hata ikiwa jina la kampuni lilitoka barabarani, mali yenyewe ilikuwa ya familia. Wengi waliomiliki Raleigh katika Afrika Mashariki walimwona korongo huyo kila siku bila ya kujua alikotoka.

Ni vyema kusahihisha hapa dhana moja ambayo hujitokeza mara kwa mara. Waya wa breki unaopita ndani ya mrija, ambao kwa Kiingereza huitwa kwa jina la Bowden, haukubuniwa na Frank Bowden. Mbunifu wake alikuwa Ernest Monnington Bowden, mtu mwingine kabisa, ingawa Frank alikuwa miongoni mwa waliowekeza fedha katika ubunifu huo. Kipaji cha Frank hakikuwa cha kubuni vyombo. Kipaji chake kilikuwa kutambua kazi za wabunifu wengine na kuzipatia mtaji, kiwanda na soko.

Gharama isiyoandikwa katika vitabu vya hesabu

Simulizi za wenye viwanda huelekea kusifu bidii zao na kusahau malighafi ilikotoka. Katika miaka ya 1890, wakati baiskeli zilipokuwa zikinunuliwa kwa pupa barani Ulaya na Marekani, kila baiskeli ilihitaji mipira miwili, na mpira ulitokana na utomvu wa miti na mitambaazi ya misituni. Sehemu kubwa ya utomvu huo ilitoka Amazoni, na sehemu nyingine ilitoka Kongo, nchi ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliimiliki kama shamba lake binafsi kati ya mwaka 1885 na 1908. Wenyeji walilazimishwa kuleta kiasi maalumu cha utomvu. Walioshindwa walichapwa, wake zao walitekwa nyara, vijiji vilichomwa, na mikono ya watu ilikatwa.

Haitakuwa haki kumtwika Bowden lawama ya maovu ya Leopold. Lakini pia haitakuwa haki kusimulia kunawiri kwa biashara ya baiskeli bila kuwataja watu waliotoa jasho na damu ili magurudumu yazunguke kwa ulaini. Mwafrika alikutana na baiskeli kwanza kama mtumwa wa malighafi yake, kabla ya kukutana nayo kama mnunuzi. Ukweli huu ni muhimu kwa msomaji wa Afrika Mashariki, maana unaonyesha kuwa historia ya chombo hiki haikuanza siku kiliposhushwa bandarini Mombasa.

Kuipoteza na kuirudisha kampuni

Mwaka 1896 ulikuwa pia mwaka wa mtihani mkubwa katika maisha ya Bowden. Biashara ya baiskeli ilikuwa imepamba moto, na watu waliokuwa hawajawahi hata kupanda baiskeli walikimbilia kununua hisa za kampuni zilizoziunda. Ernest Terah Hooley, mfanyabiashara aliyejulikana kwa kununua kampuni na kuziuza kwa umma kwa bei ya juu zaidi, aliitia mkononi Raleigh pia. Kampuni iliyokuwa ya watu wachache ikawa ya wanahisa wengi.

Moto huo ulizimika upesi kama moto wa kifuu. Kuanzia mwaka 1897 soko lilifurika baiskeli, zikiwemo za bei nafuu kutoka Marekani. Bei zilianguka, kampuni nyingi zikafa, na Hooley mwenyewe akafilisika mwaka 1898. Raleigh haikufa, lakini iliyumba. Bowden alijikuta katika hali ya mzazi anayemtazama mwanawe akilelewa na watu wengi wasioafikiana. Wanahisa walitaka gawio la haraka, ilhali kiwanda kilihitaji mashine mpya na subira.

Ni katika miaka hii ya dhiki ambapo busara ya Bowden ilidhihirika. Alikuwa amemwajiri G. P. Mills, msanifu ambaye mwaka 1891 alishinda mbio za kwanza za kutoka Bordeaux hadi Paris. Chini yake, kiwanda kilianza kutumia viungo vya fremu vilivyofinyangwa kwa mashine kutokana na mabamba ya chuma cha pua ngumu, badala ya vile vizito vya kuyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Fremu ikawa nyepesi, imara na rahisi kuundwa kwa wingi. Tangu hapo Raleigh ikajitangaza kuwa baiskeli ya chuma kitupu, na sifa hiyo haikuwa maneno matupu. Ndiyo sababu fremu zake ziliweza kuvumilia miongo kadhaa ya mashimo na makorongo.

Hatua ya pili ilihusu gia. Mwaka 1902 ubunifu wa gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ulikamilishwa. Wabunifu kadhaa walihusika, akiwemo William Reilly, lakini gia hiyo iliitwa kwa majina ya wawili wao, Henry Sturmey na James Archer. Bowden aliwahi kuona thamani ya ubunifu huo na akauweka chini ya himaya yake. Kwa gia hiyo, mwendeshaji aliweza kubadilisha uzito wa kukanyaga kulingana na mlima au tambarare, na kwa kuwa mashine yote ilikuwa ndani ya kitovu, vumbi na tope havikuiharibu kwa urahisi.

Hatimaye, mwaka 1908, kampuni ya umma ilivunjwa na Bowden akawa mmiliki wake. Alikuwa na umri wa miaka 60. Ilimchukua zaidi ya muongo mmoja kukirejesha alichokiachilia wakati wa msisimko wa soko. Tangu hapo Raleigh ikawa mali ya familia kwa maana kamili, na maamuzi yakawa yanafanywa na watu walioujua uundaji wa baiskeli badala ya watu waliojua tu bei ya hisa.

Miaka ya mwisho

Bowden hakusahau kwamba baiskeli ndiyo iliyomwinua kitandani. Aliandika kijitabu cha kuwahimiza watu waendeshe baiskeli kwa ajili ya afya, na aliendelea kuitetea imani hiyo katika uzee wake. Mwaka 1915 alitunukiwa cheo cha ubaroneti, akawa Sir Frank. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, na kiwanda cha Nottingham kiligeuzwa kwa sehemu kubwa kuwa cha kutengeneza zana za vita. Chombo kilichoanza kama dawa kilijikuta kikikaa jengo moja na fataki za kuulia.

Frank Bowden alifariki tarehe 25 Aprili mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 73. Mgonjwa aliyedhaniwa kuwa siku zake zinahesabika alikuwa ameongezewa zaidi ya miaka 30.

Harold Bowden alirithi cheo na kampuni. Aliiongoza hadi mwaka 1938, akipanua mauzo katika nchi za nje na kununua majina mengine ya baiskeli, kama vile Humber mwaka 1932. Mwaka 1934 hisa ziliuzwa tena kwa umma, na alipostaafu Harold hakukuwa tena na Bowden aliyeshika uongozi. Enzi ya familia ikawa imefikia tamati baada ya nusu karne kamili. Kampuni iliendelea kukua, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa ikitoa zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka, nyingi zikiuzwa nje ya Uingereza. Mwaka 1958 kiwanda hicho kiliingia katika fasihi pale Alan Sillitoe, aliyekuwa amefanya kazi humo angali mvulana, alipochapisha riwaya ya Saturday Night and Sunday Morning, ambayo mhusika wake mkuu ni mfanyakazi wa kiwanda cha baiskeli mjini Nottingham. Mwaka 1960, mwaka ambao Harold alifariki, Raleigh iliunganishwa na kampuni kubwa zaidi ya TI.

Raleigh katika miinuko ya Mlima Kenya

Mji wa Nyeri ulianzishwa na Waingereza mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya mashambulizi ya kijeshi dhidi ya wenyeji. Huo ndio mwaka uliokamilishwa gia tatu kule Nottingham. Wamisionari wa Consolata walifika eneo hilo katika kipindi hicho hicho, na Waskoti wakafungua misheni ya Tumutumu mwaka 1908. Reli ilisogea polepole kutoka Thika, ikapita Karatina na kufika Nanyuki mwaka 1930. Mahali reli ilipofika, maduka ya Wahindi yalifuata, na bidhaa za viwandani kutoka Uingereza, baiskeli zikiwemo, zikapata njia ya kuwafikia wanunuzi wa vijijini.

Kwa mnunuzi Mwafrika, baiskeli haikuwa mchezo. Mfanyakazi wa shamba la mzungu au karani wa ngazi ya chini alihitaji kuweka akiba kwa miezi mingi ili kuipata. Aliyefanikiwa alikuwa amenunua zaidi ya chuma na mpira. Alikuwa amenunua uwezo wa kufika mbali na kurudi siku hiyo hiyo, jambo lililokuwa na uzito katika nchi ambayo Mwafrika alilazimika kuvaa kipande shingoni na mienendo yake ilifuatiliwa. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wakati wakazi wa Nyeri walipohamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kudaiwa vibali vya kutoka, hata mwenye Raleigh nzuri kabisa alitambua kwamba chombo cha kusafiria hakina maana pasipo uhuru wa kusafiri.

Isitoshe, Nyeri imemhifadhi mtu mwingine ambaye historia yake inagusa baiskeli. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, alihamia Nyeri mwaka 1938, akafariki tarehe 8 Januari mwaka 1941 na kuzikwa huko. Alipokuwa amezingirwa na Makaburu mjini Mafeking mwaka 1899 na 1900, wavulana walitumiwa kupeleka ujumbe, na stempu iliyochapishwa mjini humo ilikuwa na picha ya mvulana akiwa juu ya baiskeli. Hivyo basi, katika kaburi linalotembelewa na maskauti wa dunia nzima mjini Nyeri, kuna kumbukumbu ya enzi ile ile ambayo Bowden alikuwa aking'ang'ana kuinusuru kampuni yake.

Jiografia ya Nyeri haikuwa rafiki kwa baiskeli. Nchi yenyewe ni ya migongo na mabonde, na mito kama Gura, Chania na Ragati imeyachimba mabonde hayo kwa kina. Mwendeshaji alishuka kwa kasi kubwa hadi mtoni, kisha akateremka na kuisukuma baiskeli hadi kilele cha mgongo wa pili. Lakini hata ya kusukumwa ilikuwa na faida, kwani ilibeba mzigo ambao mgongo wa binadamu usingeubeba. Baada ya wakulima wadogo wadogo Waafrika kuruhusiwa kwa wingi kukuza kahawa na majani chai katika miaka ya 1950, na kiwanda cha majani chai cha Ragati kufunguliwa mwaka 1957, baiskeli ilipata kazi mpya. Karia ya nyuma, ambayo Mwingereza aliiweka kwa ajili ya mkoba wake, ilibeba magunia, mitungi ya maziwa, kuni, mabati na wagonjwa. Mafundi wa mitaani waliiimarisha kwa vyuma vya nyongeza, wakafanya marekebisho ambayo wasanifu wa Nottingham hawakuyawazia.

Lugha nayo haikuachwa nyuma. Kiswahili kililipokea jina baiskeli na kulipa makazi, kisha kikaigawanya mashine nzima katika msamiati wake. Baadhi ya sehemu zilipewa maneno yaliyokuwepo tayari: usukani kutoka kwenye chombo cha baharini, mnyororo kutoka kwa mhunzi, kengele na kiti kutoka nyumbani. Nyingine zilitoholewa, kama vile tairi, tyubu, spoku, breki, pampu na karia. Mchanganyiko huu unaonyesha jinsi lugha inavyofanya kazi inapokutana na teknolojia: hutazama kwanza ghalani mwake, na pale inapokosa ndipo hukopa. Kutoka mpaka wa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli waliobeba abiria wakatupatia neno bodaboda, ambalo sasa limeenea hata mahali pasipo na mpaka wowote.

Baada ya uhuru, baiskeli nzito kutoka India na China, ambazo wananchi walizipachika jina la Black Mamba, zilichukua nafasi ya Raleigh kidogo kidogo. Zilikuwa za bei nafuu, lakini umbo lao lilikuwa ni lile lile lililozoeleka kutokana na baiskeli za Uingereza. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo, na bodaboda ya injini ikaisukuma baiskeli kando ya barabara katika miji mingi ya Mlima Kenya.

Hitimisho

Huko Nottingham, sehemu ya ardhi ya kiwanda cha Raleigh iligeuzwa kuwa bewa la chuo kikuu cha mji huo lililofunguliwa mwaka 1999, na miaka michache baadaye uundaji wa baiskeli mjini humo ukakoma. Mwaka 2012 jina la Raleigh lilinunuliwa na kampuni ya Accell ya Uholanzi. Jina limedumu kuliko kiwanda, na kiwanda kilidumu kuliko familia.

Maisha ya Frank Bowden yana mafunzo mawili kwa jamii ya miji ya Mlima Kenya, ambako biashara nyingi, kuanzia maduka ya jumla hadi hoteli na magari ya abiria, zimejengwa na familia. La kwanza ni kwamba mwenye mali anaweza kuipoteza bila kuibiwa, kwa kuikabidhi tu kwa watu wasioijua kazi. La pili ni kwamba kuirithisha biashara ni kazi kubwa kuliko kuianzisha. Bowden alifaulu kumwandaa mrithi mmoja. Baada ya mrithi huyo, hakukuwa na mwingine wa jina lake aliyeiongoza kampuni.

Juu ya yote, kuna suala la nani anayestahili kukumbukwa. Bowden alikuwa na mtaji, Woodhead na Angois walikuwa na mikono, Reilly na wenzake walikuwa na akili ya ubunifu, na wavuna mpira wa Kongo hawakuwa na hiari. Mkulima wa Othaya aliyeifunga mitungi kwa vipande vya mpira na kuipandisha mgongo wa mlima alfajiri hakuwa na hisa hata moja katika kampuni ile. Ila ni yeye aliyeipa baiskeli ya Raleigh kazi yake ngumu kuliko zote, na akaikamilisha.